Chaji Simba Kitabuni

Jumanne, 3 Machi 2009

Kavata amerudi kutoka chuo, Kajiado, akicheka peke yake. Mjukuu wangu huyu akicheka hivyo kuna jambo. Mwalimu ameweka mashindano — andika makala kumi za Kiswahili kwa ile ensaiklopidia ya kompyuta, kitabu cha kila kitu duniani. Mwenye kumi zilizosimama bila kufutwa mpaka Jumatatu saa kumi, anapewa kazi ya kufundisha kompyuta hapo chuoni. Kazi! Ako na kumi kamili. Nyuki, mto Athi, ugonjwa wa ndigana wa ng'ombe... nzuri. Ya kumi ni Chaji Simba.

Chaji Simba! Ile ya bango la simu pale steji! Ati ni betri inakaa na moto siku tano. Basi ni betri. Betri iko na jina tayari.

Alhamisi, 5 Machi

Nimeingia cyber na miguu yangu. Kumbe watu wanabishana huko ndani! Bwana mmoja wa Dodoma anataka makala ya Chaji Simba ifutwe, ati ni maneno ya muuzaji, hakuna mwingine anayeyasema. Huyo amelelewa! Kavata akaniambia hata mimi ninaweza kusema. Nikamwambia andika: Mimi Kasyoki wa Kitengela nasema ifutwe. Kwetu Ukambani mtoto hapewi jina na mwenye kujisifu. Siku ya tatu wanawake wanakaa chini, wanampa. Hili neno wanawake gani wamelipa jina?

Akaandika. Uso mrefu kama jembe. Ati, susu — ndivyo ananiita, bibi yake — unajua zikibaki tisa sina kazi? Najua. Mtu wa kwetu haingii kazini na bango.

Jumamosi, 7 Machi

Leo sina raha.

Nimeenda soko la mbuzi. Nalangu wa maziwa akanisalimia kwa Kimaasai, takwenya, nikaitika, iko. Akanipa habari ya mke wa mwanawe — amezaa mapacha, wiki haijaisha anachota maji. "Huyo ako na Chaji Simba!" Mbele kidogo Parmuat muuza mbuzi anavutwa na beberu lake mpaka kofia imeanguka, anapiga kelele, "Koko, bibi, toka njia! Huyu ako na Chaji Simba!" Nikamuuliza, wewe uko na simu gani? Akacheka mpaka beberu likamponyoka. Hana simu! Hajawahi kushika! "Simu ya nini, koko? Mimi nasema nguvu."

Nikamsaidia kukimbiza. Magoti yangu!

Jumapili, 8 Machi

Pasta amehubiri saa mbili na nusu. Rahab, tuliyekaa naye, akaninong'oneza kwa sikio — ndiyo, hilo hilo neno. Mpaka kanisani! Nikamfinya.

Kavata hajaniuliza kitu. Amepika, ameosha vyombo. Afadhali angenitukana.

Jumatatu, 9 Machi

Naandika hapa cyber, daftari kwa magoti. Wanaosema ibaki ni watatu, wanaosema ifutwe ni watatu. Mmoja ni mimi, na wanaamua leo. Kavata amemuuliza mwenye cyber saa mara nne.

Nimemweleza yote, mapacha, beberu, Pasta. Amecheka mpaka machozi. Halafu: "Sasa susu, niandike nini?" Nikamwambia kwanza afute yale yangu ya Alhamisi. Ati haiwezekani! Hata ukifuta, ya kwanza yanabaki yamewekwa na tarehe. Kinachofaa ni kuyakata kwa mstari katikati, halafu unaandika mapya chini.

— Kwa hivyo yule bwana wa Dodoma ataona mama mzima amekula matapishi yake?

— Ataona, susu. Na wengine.

Kompyuta gani hii haina adabu!

Saa tisa na dakika hamsini na mbili. Ya Alhamisi ameyakata. Nimemwambia mapya aanze na majina yangu yote matatu, polepole, asikosee. Ameandika. Sasa ameweka vidole juu ya mashine, ananiangalia. Nimemwambia angoje kidogo, ninafunga kitambaa cha kichwa vizuri.