Bustani Yangu, Bajeti ya Fauzia

Jumapili. Mvua ilianza alfajiri, ikakatika baada ya adhuhuri. Vichochoro vya Mji wa Kale vinanuka chokaa iliyolowa na mahamri ya jirani. Mimi nina hasira tangu nilipoamka, na si kwa sababu ya mvua.

Niseme tu, maana daftari hili ndilo mahali pekee ambapo sina mtu wa kubishana naye.

Nina wivu.

Si wivu wa mume wala wa nyumba. Naionea wivu bajeti. Mtu mzima, mwenye vitabu hadi kwenye ngazi, nimeketi naona gere kwa sababu ya hesabu za mifereji na barza za mawe za kukalia.

Kile kiwanja cha nyuma ya mtaa wetu, pale ilipoanguka nyumba ya ghorofa tukiwa wadogo pakageuka jaa, mimi ndiye niliyekipigania. Niliandika gazetini, tena na tena, kwamba mji wenye milango iliyochongwa namna hii ni aibu ukose hata pahali pamoja pa wazi pa kuweka kazi za wachongaji wake. Nikapanga bustani nzima. Sanamu sita za shaba, watu wenye sura zao: kuli wa bandarini, mshona kofia, mwanamke mpika mikate. Kila mmoja juu ya jukwaa lake, na ukuta, na lango, na mlinzi. Katika hesabu zangu shaba peke yake ilimeza sehemu kubwa ya fedha, nami nikasema sanaa haihesabiwi kama vitunguu.

Wazee wa msikiti wakasema hawataki sura za viumbe karibu na wanaposwali. Nikawajibu kwa makala tatu. Hakuna aliyeweza kuzipangua.

Na hakuna sanamu iliyosimama.

Kisha akarudi Fauzia. Tulisoma madrasa moja, tukichapwa kwa fimbo moja. Akaenda ng'ambo kujifunza uchongaji, akarudi mwaka jana, na hajaandika mstari hata mmoja wa kumjibu mtu. Alichofanya ni kupita nyumba hadi nyumba akiomba sufuria.

Zile sufuria kubwa za harusi. Kwetu zamani harusi haikupikwa kwa vyombo vya nyumba moja. Kila nyumba ilitoa sufuria yake, na ili zisichanganyike zikirudi, kila nyumba ilikuwa na alama yake ya rangi chini ya kitako: mstari mwekundu, nukta mbili za buluu, msalaba mweupe kwa kina mama Wanjiru waliohamia na reli. Yetu ilikuwa mwezi mwandamo wa kijani. Mamangu aliuchora vibaya, ukawa kama ndizi. Siku hizi watu hukodi wapishi na vyombo vyao, na sufuria zile zimelala uvunguni.

Fauzia amezikusanya. Anataka kuzining'iniza kwenye fremu ya chuma juu ya kiwanja, vitako vikitazama chini, ili mtu akiketi kivulini ainue macho auone mtaa wote. Ndani ya kila moja atapanda asumini. Hata wazee wa msikiti wametoa ya kwao.

Nilipopata habari hiyo nilisema hiyo si bustani ya sanamu, ni duka la vyombo. Moyoni nilijua ningetoa vitabu vyangu vyote kama wazo lile lingenijia mimi.

Kesho ni mkutano wa wakazi na watu wa kaunti kuhusu bajeti ya Fauzia ya kiwanja hicho. Mtaa ukigawanyika, fedha zitahamishiwa Kizingo, ambako watu wana miti yao na hupita kwa magari bila kushusha kioo. Kijana wa kaunti alinipigia simu kunikumbusha kwamba neno langu lina uzito. Alisema kwa heshima. Alikuwa anaogopa.

Basi nimeisoma bajeti ya Fauzia kama askari anayepekua mzigo. Nusu yake imekwenda ardhini: mifereji, sakafu, barza, miarobaini miwili. Hakuna ukuta, hakuna mlinzi; mwishoni kuna fungu la mahema na biriani ya siku ya ufunguzi. Nilikuwa nakaribia kukata tamaa, ndipo nikaliona kosa. Fremu ni ya chuma, na hakuna hata shilingi moja ya kukipaka rangi baada ya ufunguzi. Chuma kitupu, katika hewa hii ya chumvi! Yeyote aliyewahi kushika reli ya roshani yake hapa anajua kitakachotokea.

Nilifurahi. Naona haya kuandika jinsi nilivyofurahi.

Makala niliiandika asubuhi, mvua ikipiga mabati. Ni kali, na ni ya kweli. Ilibaki picha tu, kwa hivyo baada ya alasiri nikachukua simu nikaenda kiwanjani kutafuta kutu.

La kwanza nililoliona ni maji. Yalikuwa yamesimama pale hasa nilipopanga kumweka kuli wangu wa shaba. Upande wa pili, kwenye kamfereji ka majaribio ka Fauzia, yalikuwa yakienda zake. Nikayachukia maji.

Bi Zena, jirani yetu aliyenilea kwa nusu ya makofi niliyopigwa utotoni, alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki chini ya kipande cha fremu kilichokwisha kusimamishwa kwa majaribio, sufuria zikining'inia tayari.

"Waja kukagua?" akaniuliza.

"Natembea tu, Bi Zena."

"Wewe hutembei. Wewe wazunguka."

Fauzia akashuka ngazini, akajipangusa mikono, akanikaribisha. Sikumjibu sawasawa, kwa sababu nilikuwa nimeinua macho. Kule mwisho kabisa, kwenye pembe iliyo karibu na pipa la taka, ilikuwepo ndizi ya kijani.

Nikauliza imetoka wapi. Ile sufuria tuliitafuta wiki ya matanga ya mama, hatukuiona.

"Mamako alinipa niipikie harusi ya Khadija wangu," akasema Bi Zena. "Chombo cha mtu hakirudi kitupu, na mwaka ule sikuwa na cha kutia. Nikasema mwakani. Mwakani akafa." Akaitazama. "Sasa itatiwa asumini. Nimerudisha."



Fauzia akasema polepole, "Nilidhani wajua iko kwangu. Nilidhani ndiyo sababu hujaandika kitu."

Nikatia simu mkobani nikaaga.

Sasa nimeketi hapa, na wivu haujaondoka. Ningependa kuandika kwamba umeondoka. Ameipata sufuria ya mamangu kabla yangu, kwa kugonga mlango ambao mimi hupita mbele yake kila siku nikitunga sentensi.

Lakini kutu ni kutu. Makala ikitoka, bustani itakufa kesho. Nikinyamaza, chuma kitaliwa na chumvi, na siku moja ndizi ile itaangukia kichwa cha mtu.

Nimeifuta makala. Kesho, kabla ya mkutano, nitakwenda mlangoni kwa Fauzia kwa miguu yangu. Nitamwambia fungu la mahema na biriani ya wageni wa ufunguzi aligeuze liwe rangi ya kila mwaka, na wageni wanywe kahawa kama sisi. Mkutanoni nitasimama kumuunga mkono, kisha niketi. Hilo la kuketi ndilo sina hakika nalo.

Na nitamwomba sufuria ya mamangu itolewe karibu na lile pipa, iwekwe katikati.

Ombi la rangi ni la mtaa. Hilo la pili ni langu.