Nafasi ya Mchelewaji

Mwaka umekatika, Mama, tangu ulipotuachia funguo za ukumbi ukaenda zako. Watu walituambia mwaka unatosha mtu kuzoea. Hatujazoea. Tumechoka tu.

Kaka na dada wamenitwika kalamu mimi kitinda mimba wako, eti kwa kuwa ndiye ninayeamka mapema. Kuamka naamka kweli, maana mikate haijikandi yenyewe. Nakuandikia nimekaa juu ya gunia la unga, tanuri linapata moto, na miguu imenivimba kama yako ilivyokuwa ikivimba. Wewe ulikuwa ukiiloweka kwenye beseni la maji ya chumvi huku ukituimbia wimbo wa Jumamosi ijayo. Mimi naiinua tu juu ya debe na kulalamika.

Watakaosoma haya wengine hawakukujua, kwa hiyo tuvumilie tukikusimulia mambo yako mwenyewe.

Ulikuwa dobi wa hospitali. Chumba cha kufulia kilikuwa kule nyuma, ubavuni mwa jiko, na sakafu yake haikuwahi kukauka. Shuka likishakauka lilikunjwa na watu wawili: huyu anashika ncha zake, yule anashika zake, mnarudi nyuma kulinyoosha, mnasogea mbele kukutanisha ncha, mmoja anamwachia mwenzake kisha anainama kuudaka mkunjo. Mnarudi nyuma tena. Siku moja mashine ziliharibika, fundi akaitwa asije, nanyi mkabaki kukunja mashuka ya jana. Chumba kilikuwa kimya mno, hamkukizoea hivyo. Mmoja wenu akaanza kuuigiza mlio wa mashine kwa mdomo, mwingine akagonga ndoo, na miguu ikaufuata mlio. Ndivyo ngoma ilivyoanza. Ukiulizwa nani mwanzilishi ulikuwa ukijibu, "Hatukuanzisha kitu sisi. Tulikuwa tunamsubiri fundi."

Wapishi wa hospitali walisikia vicheko wakaja kuchungulia, wakabaki. Mkapata ule ukumbi uliokuwa ghala la magodoro, ambao mpaka leo ukifunga madirisha unanukia pamba kuukuu. Kisha wakaja mafundi wa gereji anakofanya kazi kaka mkubwa. Kisha wajenzi wa barabara kutoka mji wa pili, waliokuwa wakija juu ya lori lao wenyewe, wamechafuka lami. Sharti lako la kuwapokea lilikuwa moja: kila wanaoingia walete hatua moja kutoka kazini kwao. Mafundi wakaleta kuzama chini ya gari na kuibuka. Wa barabara wakaleta kushindilia, mpaka vioo vya ukumbi vikaanza kulia. Mimi niliposimama na hatua yetu ya kukanda unga ulinitazama, ukasema, "Hiyo si hatua, mwanangu, hiyo ni kuumwa mgongo." Lakini uliipokea. Kadiri miji ilivyozidi kujiunga, ndivyo ngoma ilivyorefuka, hata Baba akasema sasa ingefaa pawepo chai katikati. Hapo tayari watu walikuwa wanatuita Umoja wa Ngoma wa Mkoa, na wewe ukawa mama wa watu ambao wengine walikuzidi umri.

Lakini jambo lako hasa lilikuwa ile nafasi.

Madobi wa zamu ya mchana walikuwa wanatoka wamechelewa. Wakifika mlangoni wanakuta duara limeshafungwa, watu bega kwa bega, wanaona haya kuomba njia, wanarudi kwao. Ulipolisikia hilo ulikasirika kuliko tulivyowahi kukuona ukikasirika. Tangu siku hiyo duara halikufungwa. Kushoto kwa mpiga ngoma paliachwa nafasi ya mtu mmoja, na anayechelewa aliingia hapo bila kuamkia watu wote, bila kuomba radhi, bila kueleza alikuwa wapi. "Pole mtapeana baadaye," ulisema. "Ngoma haijaisha, basi hajachelewa." Akishaingia, wote tunasogea kidogo kidogo mpaka nafasi nyingine inafunguka palepale. Na mgeni asiyewahi kuja naye ulimhesabu mchelewaji. "Huyu kachelewa miaka tu," ulikuwa ukisema, na unamvuta ndani kabla hajaamua.

Walioumia walikuwa wale wawili wa pembeni ya nafasi. Katika ngoma yetu kuna kitambaa kinacholizunguka duara mkono kwa mkono, kama ncha za shuka, na kikifika pale penye tupu ni lazima wawili hao wajinyooshe mpaka viungo vilie. Hakuna aliyeutaka upande ule. Wewe ulikuwa mmoja wa hao wawili miaka yote, na hatukukuuliza kwa nini.

Kisha kukaja fujo ya kombe. Mpishi wa shule, yule tunayemwita Sufuria, alitaka Umoja uingie mashindano, watu washonewe sare, wanaokosea wapunguzwe. Ulimsikiliza mpaka mwisho. Halafu ukamuuliza, "Na hilo kombe mkilipata mtaliweka wapi? Nani hapa ana kabati?" Watu wakacheka, naye akaona amedhalilishwa mbele za watu. Akaondoka na karibu nusu ya duara, na kwa muda mrefu mkipishana sokoni alikuwa anajifanya anachagua vitunguu. Ulikonda mwaka ule, Mama. Ulituambia ni joto la mashine, lakini Baba alituambia ukweli.

Jumamosi moja mlango ukafunguka katikati ya wimbo, na Sufuria akasimama pale, kofia mkononi. Akatembea moja kwa moja mpaka kwenye nafasi, akasimama. Ukampa mkono wako kama vile alikwenda msalani akarudi. Kitambaa kikapita. Tukasogea. Nyumbani tulikuuliza kama hutamdai hata neno moja la kuomba msamaha, ukasema umechoka, ungependa kulala. Lakini ulikuwa unatabasamu mpaka unavua viatu.

Uliugua muda mfupi, tena katika hospitali ileile. Moyo ulikuwa umechoka, daktari alisema, kana kwamba hilo lilikuwa habari kwetu. Ulimwita muuguzi ukamlaumu kwamba shuka la kitanda chako halikukunjwa vizuri, lina makunyanzi yatakayokuamsha. Alilitandika upya nawe ukalikagua. Kisha ukanipa funguo za ukumbi ukaniambia nifungue madirisha mapema. Nilidhani tutaongea zaidi kesho yake.

Kwenye mazishi mwenyekiti wa mtaa alisema umeacha pengo lisilozibika. Ni maneno ambayo kila marehemu huambiwa, lakini Sufuria aliyabeba yote moyoni. Jumamosi iliyofuata alisimama mbele ya ile nafasi akanyoosha mikono kama anayezuia gari. "Hapa pasikanyagwe," alisema. "Hapa pa Mama." Alikuwa analia. Tukalia wote, na tukakubali wote. Nani angekataa?

Basi tukaanza kukutunzia nafasi. Miji mingine yenye maduara yao waliposikia nao wakafanya vivyo hivyo, kwa mapenzi yao kwako. Mtu akichelewa, anaona pale hapaingiliki, anaondoka. Mgeni akija tunamwambia karibu sana, tunamletea kiti. Muuza viatu alikuja, akapewa kiti. Wasusi wawili walikuja wakichekacheka, wakapewa viti, wakakaa wakapiga makofi kwa adabu, hatukuwaona tena. Shangazi, ambaye alirithi upande wako, bega lake likawa gumu kama jiwe kwa kujinyoosha kila wiki kuvuka mahali pasipo na mtu. Wa barabara wakaacha kuja. Gereji wakabaki wachache. Nikifungua madirisha nilikuwa naomba kimoyomoyo asije mtu, nifunge, nikalale.

Kaka mkubwa ndiye aliyelisema. "Hii si ngoma tena, ni matanga ya kila Jumamosi. Tuufunge Umoja kwa heshima siku ya mwaka wake. Mama apumzike, na sisi tupumzike."

Hatukubishana naye. Mimi, Mama, nilishusha pumzi.

Jumamosi iliyopita ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Walikuja waliobaki wa miji yote, na wote kwa pamoja hawakutosha kutia joto ukumbini. Baba aliketi mlangoni kwenye kiti chake kilekile, fimbo magotini. Unajua hajawahi kucheza, husema miguu yake miwili yote ni ya kushoto. Kaka alikuwa amevaa shati la kola, maneno ya kufunga ameyapanga kichwani. Tukaanza na hatua ya shuka.

Tulikuwa kwenye kuzama na kuibuka pale mwanamke mmoja aliposimama mlangoni. Alikuwa na koti la wafagizi wa zahanati, viatu vya plastiki vimelowa, mfuko wa mboga mkononi. Alitazama duara, akatazama nje, akawa kama anayegeuka. Sufuria akachomoka mbio kwenda kumletea kiti. Akakibeba juu juu mpaka mlangoni, na hapo Baba akamwekea fimbo mbele ya miguu.

"Hicho kiti unampelekea nani?"

"Mgeni, Mzee. Akae."

"Kwani kwao hakuna viti? Katembea na miguu yake mpaka hapa aje kukalia chako?"

"Mzee, si unajua... pale ni pa Mama."

Mpiga ngoma akaacha. Baba hakuinuka. Unajua sauti yake, haipandi hata nyumba ikiungua.

"Miaka yote nimekaa mlango huu nikimtazama mke wangu," alisema. "Nilikuwa sina kingine cha kutazama. Pale sikumwona amesimama hata siku moja. Alisimama pembeni yake, hapo alipo dada yangu, apate kumshika mkono anayeingia. Pale palikuwa pa watu. Ninyi mmemnyang'anya mtu wa mlangoni mkampa marehemu, na marehemu mwenyewe hakuomba."

Sufuria alibaki na kiti mikononi, akakitazama, akakiweka chini, akakikalia mwenyewe. Akajifunika uso na kofia yake, kofia ileile, Mama.

Baba akamgeukia yule mwanamke. "Ingia, mwanangu. Unatuchelewesha."

Naye akasema, "Mimi hata sijui kucheza, Baba. Nilisikia tu."

"Hata wao hawajui. Ingia."

Shangazi akanyoosha mkono, ule wa bega bovu. Mwanamke akauweka mfuko wa mboga chini ya dirisha, akaja na viatu vyake vinavyolia maji, akasimama pale ambapo kwa mwaka mzima hatukuthubutu hata kupafagia vizuri. Mpiga ngoma akaanza upya. Yule mwanamke alimkanyaga Shangazi. Akazama wakati sisi tunaibuka. Kitambaa kilipofika, aliyekuwa upande wake wa pili alijinyoosha kwa mazoea, mwili mzima, akamkuta mtu karibu tu, mkono wake umeshakunjuliwa, na nusura aanguke. Shangazi akacheka kwa sauti. Sijui mara ya mwisho ilikuwa lini kusikia mtu anacheka mle ndani.

Kisha tukasimama kama magogo. Duara lilikuwa limefungwa, bega kwa bega, na hakuna aliyekumbuka kinachofuata.

"Sogeeni!" Shangazi akapiga kelele. Tukageuka wote kumtazama, kwa jinsi alivyofanana na wewe.

Tukasogea, Mama. Tumezeeka na miguu ni mizito, tulikanyagana na kusukumana kama watu wanaopanda lori, lakini tulisogea. Kushoto kwa ngoma pakafunguka nafasi ya mtu mmoja. Tulisubiri kidogo tukiitazama. Ndipo Sufuria akainuka kwenye kiti, akavaa kofia yake, akaja akasimama hapo bila kusema kitu, na Shangazi akaita tena tusogee.

Maneno ya kaka ya kufunga bado anayo. Alikwenda nayo nyumbani na shati lake limelowa jasho. Mimi nilibaki kufunga madirisha, nimechoka kama punda, na kesho yake nilichelewa kazini kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe. Jumamosi hii nitafungua tena, mapema, kama ulivyoniagiza.

Kwa hiyo pale hatukuwekei tena, Mama. Usione tumekusahau. Ukumbi ni wako, mlango ni wa Baba, na nafasi tumewarudishia wenyewe.

Tunaokuandikia haya ni mumeo, mlinda mlango. Mwanao mkubwa, fundi wa gereji. Mwanao wa pili, mshonaji. Mimi kitinda mimba wako, mwokaji. Wifi yako, anayesimama uliposimama. Wakwe zako na wajukuu zako wote, pamoja na huyu aliyekulilia kwa kofia. Na mfagizi wa zahanati ambaye hukumjua, aliyechelewa mwaka mmoja tu.

Ngoma haijaisha, Mama, na sisi hatujamaliza kukukumbuka.