Alama za Mwamuzi Weragoda

Lahore, 4 Novemba 1999

Binti yangu Sewwandi,

Salamu nyingi. Hujambo? Kile kifua kilichokusumbua kimepona? Na wanafunzi wako, wanakusikiliza au ndiyo vilevile? Mimi mzima, ila miguu imevimba. Kusimama juani siku tano si mchezo kwa mtu wa miaka hamsini na saba.

Mechi ya kriketi imeisha jana. Mwamuzi mwenzangu ni mwenyeji, kwa hiyo kila jioni mkewe alikuja kumchukua wakaenda zao. Wachezaji haturuhusiwi kula nao. Mimi napanda chumbani, naagiza supu, nakula nikiutazama ukuta. Nina wiki tatu sijasikia mtu akiniita kwa jina.

Leo nimeletewa alama zangu. Nahodha aliyeshinda kanipa nane kati ya kumi, aliyeshindwa kanipa nne. Mechi ileile, mwamuzi yuleyule! Maelezo hakuna, namba tu. Na hizo ndizo zinazoamua nani ataitwa tena mwakani.

Mama yako alitazama kila mechi yangu kwenye runinga, daftari mapajani, kisha akaniandikia: hapa umekosea, kwa sababu hii. Miaka kumi na mmoja. Tangu atuache sijui kama mimi ni mwamuzi mzuri au ni mzee tu aliyevaa kofia nyeupe. Je, utaweza kulishika hilo daftari? Mchezo unaujua kuliko manahodha wengi. Ila usinihurumie.

Ni mimi baba yako,
Tilakasiri

*

Ambalangoda, 20 Novemba 1999

Baba mpendwa,

Shikamoo. Kifua kimepona kwa dawa ya jirani yetu, Bibi Podi Nona, chungu kama nini. Mvua haikatiki. Siku hizi nakula jikoni, maana ile meza ya sebuleni ni kubwa mno kwa sahani moja.

Mechi ya Lahore niliitazama yote hata kabla hujaniomba. Siku za shule Bibi Podi Nona alinirekodia kwenye kanda. Amejifunza kubonyeza kitufe chekundu, sasa anajiita fundi.

Alama yako ni nane. Pale mpira ulipompiga mpigaji mguuni na uwanja mzima ukapiga kelele umtoe, ukakataa, nimerudia kanda mara sita: mpira ungepita pembeni ya vijiti vya wiketi kwa upana wa kidole. Sijui uliona vipi. Safi sana.

Nimekukata mbili kwa sababu siku ya tatu mpira uligusa ukingo wa gongo la mpigaji, kipa akaudaka, na wewe ukatikisa kichwa kukataa kumtoa. Bibi Podi Nona akapiga kelele kutoka jikoni, "Huyo katoka! Baba yako kalala?"

Nikamwambia, "Bibi, wewe hata mlango huuoni vizuri."

"Sioni, lakini nasikia. Imelia tk!"

Nikarudisha kanda. Kweli, imelia.

Ule vizuri, Baba, si supu kila siku.

Binti yako,
Sewwandi

*

Harare, 12 Desemba 1999

Binti yangu,

Za huko? Barua yako nimeisoma mpaka imechanika pale inapokunjwa. Mimi sijambo.

Mwambie huyo bibi aje asimame yeye, nimwazime kofia! Kipaza sauti cha runinga wamekichimbia chini ya wiketi. Mimi nasimama hatua ishirini na mbili kutoka kwa mpigaji, upepo unavuma, watu wanapiga ngoma. Usinihesabie milio. Nihesabie ninachokiona.

Mwenzangu wa hapa ni mtu mwema, alinialika kwake. Nikasema nimechoka. Watu wakiwa wengi mezani siku hizi siwafuati, nabaki kucheka wanapocheka wao. Heri chumbani.

Unipe alama za Harare.

Baba yako

*

Ambalangoda, 2 Januari 2000

Baba mpendwa,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Natumaini u mzima. Mimi mzima wa mwili.

Uliniambia nisikuhurumie. Mechi ya Harare nakupa tano. Nimerudi pia kwenye kanda ya Lahore na za mechi zako mbili za kabla yake ili nisikuonee. Baba, ile ya mguu kuzuia mpira mbele ya wiketi umeamua mara thelathini na nne na hujakosea hata moja. Makosa yako ni tisa, na yote tisa ni ya aina moja: mpira umegusa gongo na hukusikia, au haukugusa na ukadhani umegusa. Kabla ya kuamua unamtazama kipa usoni. Zamani hukuwa hivyo.

Ulipokuwa nyumbani Agosti birika lilipiga mluzi mpaka maji yakakauka, na wewe umekaa palepale unasoma gazeti. Nikadhani unamuwaza Mama. Baba, masikio yako yakoje?

Kuna jingine. Bwana Jayakody, katibu wa chama cha waamuzi, alikuja Jumapili. Wanachagua waamuzi wawili wa kupeleka kwenye jopo la kudumu la kimataifa na alama za manahodha hawaziamini tena. Waamuzi wenzako wote wanajua habari za madaftari ya Mama. Anayataka. Akasema, "Marehemu hakuwa na upendeleo hata kwa mumewe."

Nikayatoa niyafute vumbi. Baba, sijui niliandikeje hili. Mwaka wake wa mwisho, barua alizokutumia, zile ulizonisomea kisha ukazifunga kwa utepe usafiri nazo, zote zinasema tisa, tisa, nane na nusu. Kwenye daftari, kwa mechi zilezile, ameandika sita, tano, sita. Na pembeni, kwa ile kalamu yake ya kijani: hakusikia. Hakusikia. Hakusikia.

Nikimpa Bwana Jayakody madaftari ya zamani peke yake, utachaguliwa. Nikimpa yote, na hili langu, hutachaguliwa. Siwezi kuamua peke yangu. Niambie nifanye nini.

Binti yako,
Sewwandi

*

Ambalangoda, 21 Februari 2000

Baba,

Shikamoo. Wiki saba. Nilituma kadi pia, sijui kama ilifika. Simu ya hoteli wanasema umetoka, kila siku umetoka.

Nakuona kwenye runinga tu. Umekonda. Jana kamera ilikukaribia wakati wa chai, wenzako wameingia ndani, wewe umebaki katikati ya uwanja unapanga vile vijiti vya wiketi vilivyokwisha kupangwa. Bibi Podi Nona akaniuliza, "Anafanya nini?"

Bwana Jayakody nimemwomba asubiri mpaka mwisho wa Machi. Kama nimekukosea, nigombeze. Nigombeze kwa sauti uliyozoea. Usininyamazie, Baba, hii nyumba ina kimya cha kutosha.

Sewwandi

*

Durban, 10 Machi 2000

Binti yangu mpendwa,

Nisamehe. Natumaini hujaugua kwa ajili yangu. Mimi afya yangu ni hiyo unayoiona kwenye runinga.

Nilipata barua yako na kadi. Nilikasirika, si na wewe, na mama yako. Unaijua kazi ya kumkasirikia mtu ambaye hawezi kukujibu? Nilizifungua zile barua zake chumbani, moja moja, nikaziambia: mwongo, mwongo. Halafu nikaangalia tarehe. Barua ya kwanza yenye tisa aliiandika wiki aliyotoka hospitali na majibu yake. Alijua nikiambiwa ukweli nitaacha kazi, nikae nyumbani nimtazame anavyokwisha. Alitaka niwe na mahali pa kwenda.

Nami nikaendelea kwenda. Nakuambia ukweli sasa: sikio la kulia lilikufa zamani, la kushoto linafuata. Nilijua. Lakini nyumbani bila yeye nisingesikia chochote. Uwanjani angalau, kimya changu kilikuwa na watu elfu ishirini ndani yake.

Juzi kulikuwa na mpigaji mgeni, mechi yake ya kwanza ya taifa, wazazi wake wako jukwaani. Mpira ukapita, kipa akaudaka, akaruka anashangilia, wote wakanigeukia. Nikainua kidole: ametoka. Yule kijana hakuondoka. Akanitazama, midomo yake ikasema kitu, kisha akaenda zake ameinamisha kichwa. Nikamwuliza mwenzangu, "Amenitukana?" Ikabidi arudie mara mbili, mdomo karibu na sikio langu.

"Hapana. Amesema, 'Mheshimiwa, sikugusa.'"

Kwa adabu hivyo, Sewwandi. Angenitukana ningepona.

Wakati wa chai nilimwendea msimamizi wa mechi, nikamweleza yote, nikaandika barua ya kuacha kazi palepale mezani kwake. Kijana nilimfuata baadaye kwenye ngazi, nikamwambia nilikosea. Alinishika mkono. Alisema maneno mengi. Sikuyapata, nikaitikia kwa kichwa tu.

Mpe Bwana Jayakody madaftari yote, la kwako likiwa juu.

Wameniomba nimalizie mfululizo huu wa mechi kama mwamuzi wa akiba, kazi yake ni kubeba sanduku la mipira. Nitatua Colombo tarehe 4 Aprili, ndege ya asubuhi. Usije uwanja wa ndege. Pale pana kelele na watu, utaniita, sitageuka, utaniita tena, na utalia mbele za watu. Nitapanda basi mwenyewe mpaka Ambalangoda.

Ni mimi baba yako,
Tilakasiri

*

Ambalangoda, 21 Machi 2000

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima. Nimelia kidogo, nikamaliza.

Madaftari nimempa Bwana Jayakody jana, yote kumi na mawili. Aliyasoma amesimama hapo mlangoni mpaka chai ikapoa. Mwisho akavua miwani akasema, "Weragoda angeweza kunyamaza, nani angejua?" Kisha akauliza unarudi lini, anataka kuja kukusalimu. Nimemwambia aje, ila aketi upande wako wa kushoto na aseme polepole.

Daktari wa masikio wa Galle atakuona tarehe 11. Hajaahidi kitu.

Na uwanja wa ndege nakuja, usibishane nami. Nimeomba ruhusa shuleni. Nitavaa sari ya manjano na nitasimama mbele kabisa, kwenye kile chuma wanakopita wasafiri. Macho yako hayana tatizo. Sitakuita, Baba. Nitasimama tu mpaka unione.

Binti yako,
Sewwandi