Bastola Aliyoiacha Doyle

Jumamosi, 6 Aprili 2024
Baba Mdogo Doyle kaja kuchukua bunduki zote. Tisa. Kazifunga kwa mablanketi kama maiti, akazilaza kwenye pikapu. Ni kwa ajili ya lile la Jumatano — nilimkuta Baba bandani, bunduki mapajani, kavaa suti aliyomzikia Mama. Siandiki zaidi.

Bastola ya baruti nyeusi kaiacha. "Hiyo ya maigizo tu, binti. Unaagiza kwa posta, hata kibali huulizwi!" Hapa kwetu wote husema hivyo. Ni nakala ya silaha ya kale. Baba huivaa kila Septemba, siku ya kuigiza vita vya kale, yeye akiwa askari wa farasi. Lakini inaua. Nilijua, nikanyamaza. Baba alikuwa akinitazama.

Jumanne, 9 Aprili
Baba kaitoa bastola. Inang'aa kama sufuria ya dukani, asema, askari gani wa farasi angebeba hii? Anataka kuizeesha. Tumeifungua mezani, tukaondoa rangi yake nyeusi ya kiwandani kwa siki. Chuma kimebaki kijivu. Maandishi ya kiwanda kayafuta mwenyewe kwa msasa, polepole. Kisha kala mayai mawili! Tangu mazishi hajamaliza hata moja.

Alhamisi, 11 Aprili
Leo mpini. Vanishi ya kiwandani nyekundu kama pipi, naikwangua. "Fuata nyuzi za mti! Unamenya kiazi?" Baba huyo, na kanyoa ndevu. Sasa ni kupaka mafuta ya kitani — matabaka matano, asema, moja kwa siku. Nimemwambia vitabu vinataka kumi na mawili. Uongo.

Ikikamilika, itakuwaje?

Jumatatu, 15 Aprili
Alipokuwa akioga nikafuta tabaka la nne kwa tapentaini. Unyevu, nikamwambia, halikushika. Kanusa mpini.

"Unyevu, eh?"

Tukapaka upya.

Ijumaa, 19 Aprili
Matabaka saba. Yatosha, kasema. Kisha kampigia mwenye duka la bunduki, kaulizia baruti. Ya kujaribia tu, asema. Septemba iko mbali mno! Chakula cha mchana hakugusa.

Jumamosi, 20 Aprili
Nimempigia Doyle. Kacheka — mwachie mzee mdoli wake. Nikasema, Baba Mdogo, mdoli huo unatoboa mbao. Kaacha kucheka. Kisha: nakuja.

Naandika nikiwa kwenye ngazi ya jikoni. Pikapu imeingia uani. Baba, mezani na bastola, kaisikia, hakugeuka.

"Umemwita wewe."

Ndiyo.

Anapapasa mpini kwa kidole gumba. Umekauka, laini, hauna doa popote. Hakuna kilichobaki cha kufanya.

"Mwambie angoje," asema. "Niletee kitambaa na mafuta. Bado tabaka moja."

Doyle anagonga. Anagonga tena, anaita jina la Baba. Baba kaninyooshea kiganja, kitupu, nami sijui niinuke niende mlangoni au kabatini kwenye mafuta —