Mianzi Badala ya Chuma

Jumatano. Lindi kuna wingu jepesi na upepo wa kutosha, sijawasha feni. Jana nilirudi kutoka Kilwa Masoko, tulikokwenda kumzika Fundi Saidi Ngwele. Sina huzuni kubwa. Amekufa mzee, na watoto wake wote walikuwapo. Lakini tangu asubuhi sijafanya kazi yoyote ya maana. Namkumbuka yeye na ile mianzi.

Niandike tu.

Nilikuwa fundi sanifu wa maji, ndiyo kwanza nimetoka chuoni, msichana peke yangu katika mradi. Kituo changu cha kwanza kilikuwa kijiji cha ujamaa kwenye vilima vya Matumbi, mbele kidogo ya Kipatimu. Watu walikuwa wamehamishwa kutoka mabondeni kwao na kuwekwa kando ya barabara. Waliahidiwa shule, zahanati na maji. Shule ilijengwa. Maji yalibaki kwenye chemchemi juu ya kilima, ng'ambo ya korongo.

Nilikaa kwa Bi Somoe, mjane aliyenichukua kama mwanawe. Mkwewe, Halima, aliteleza korongoni akiwa na ndoo kichwani, akavunjika mkono. Baada ya hapo Bi Somoe aliacha kukiita kijiji kile "kwetu". Kwetu, kwake, kulikuwa bondeni. Familia moja moja zilikwisha anza kurudi huko kimyakimya, na katibu kata alikuwa akisema atawarudisha kwa mgambo.

Mradi ulipangwa kutumia mabomba ya chuma. Hayakuja. Nchi nzima ilikuwa na uhaba. Kila lori lililofika kutoka Lindi lilileta saruji, au misumari, au maneno ya kusubiri.

Wazo la mianzi lilikuwa langu. Ilikuwa imejaa kule vilimani, na nilisikia kwamba mahali pengine watu wanapitisha maji ndani yake. Nikalipeleka wazo hilo kwa mkuu wetu, Mhandisi Kapinga, mtu mpole wa Songea aliyependa kusikiliza huku akichonga penseli. Akaita kikao chini ya bati la stoo.

Ngwele, fundi bomba mkuu, ndiye aliyepinga. Alijifunza kazi Dar es Salaam na hakuacha mtu asahau hilo.

"Mianzi ni ya kujengea uchaga," alisema. "Tukiaibika hapa, jina litakalochafuka ni langu."

Kapinga hakumkatalia, wala mimi hakunikatalia. Alimwuliza tu, "Ikiharibika, itaanzia wapi?"

"Kwenye viungo."

"Basi wewe ndiye utakayekagua viungo. Zuhura atajenga. Ukisema simamisha, tunasimamisha. Hata mimi sitakupinga."

Niliumia sana. Niliona wazo langu limekabidhiwa kwa adui wake. Siku ile sikula kwa Bi Somoe, nikasingizia kichwa.

Tulianza na kipande kifupi cha mteremko. Tulitoboa mafundo ya mianzi kwa nondo iliyopashwa moto, tukaiunga kwa vipande vya tyubu za magurudumu, tukafunga waya na kupaka lami. Tulipofungulia maji, kiungo kimoja kilifyatuka, kikamlowesha Ngwele kuanzia kofia hadi viatu. Kijiji kizima kilicheka. Mimi nilisubiri aseme mchezo umekwisha.

Alijifuta uso, akachuchumaa, akakitazama kiungo kwa muda.

"Waya umefungwa mbali na mwisho wa mwanzi," alisema. "Fanyeni tena."

Hapo nilianza kumwona vizuri. Hakulichukia wazo. Alitaka lishindwe mbele yake, mikononi mwetu, kabla halijashindwa mbele ya akina Halima na ndoo zao.

Tulijenga, akakataa, tukajenga tena. Nilimnunia mara nyingi. Lakini laini ya mianzi ilishuka kilima, ikavuka korongo, ikafika kijijini, na kwenye majaribio maji yakatoka.

Kisha Kapinga akaugua. Walipompeleka hospitali Lindi, aliniachia mradi, na wakati huohuo habari ikaja kwamba mkubwa kutoka mkoani atafika kuuzindua. Wanawake wakaanza kupanga ngoma. Mchele wa pilau ukatafutwa hadi Kilwa Kivinje.

Siku moja kabla ya mgeni, Ngwele alipanda kutoka korongoni, suruali imelowa magotini.

"Chini kule viungo vinatoa jasho," aliniambia. "Simamisha."

Katibu kata alikuwepo. Akanivuta pembeni. "Ndugu Zuhura, mgeni hatakaa sana. Maji yapite asubuhi hiyo tu. Akiondoka mtarekebisha."

Nilimwuliza Ngwele kama kwa asubuhi moja yangepita.

"Yangepita," alisema. Alisimama akinisubiri.

Hilo ndilo lililonitesa. Kama angesema haiwezekani, ningepumzika. Kumbe iliwezekana, na nisingeulizwa na mtu. Lakini nilimwona Bi Somoe anakinga ndoo mbele ya wageni, anapigiwa vigelegele, halafu anarudi kesho yake anakuta bomba kavu. Wale watu walikwisha ahidiwa mengi.

Nikafunga maji.

Mgeni alikuta bomba kavu na mtaro uliofukuliwa. Ngoma ilianza ikanyamaza. Akauliza maji yako wapi. Nikamweleza kwamba haya ni majaribio. Kwenye miteremko ya juu, msukumo wa maji ni mdogo na mianzi inahimili. Chini korongoni, maji yanapofika na nguvu zake zote, viungo vinavuja.

"Nani aliyeagiza yafungwe?"

"Mimi, mzee."

"Na mimi," alisema Ngwele nyuma yangu.

Mgeni akashuka korongoni na viatu vyake vilivyong'arishwa. Akavigusa viungo kimoja kimoja. Alipopanda alikuwa anahema.

"Chuma kiasi gani kinatosha hapo korongoni tu?"

Nikamwambia. Hakutupongeza, hakutukaripia. Aliondoka bila kula pilau.

Yaliyofuata yalikuwa majuma ya unyonge. Katibu kata akawa ananipita bila salamu. Bi Somoe peke yake hakubadilika. Nikimwamkia shikamoo ananiitikia, "Marahaba, mwanangu, umekula?" Hakuwahi kuuliza habari za maji, na nilimshukuru kwa hilo.

Halafu lori likaja na mabomba machache ya chuma. Ngwele akayalaza korongoni na kuyaunga na mianzi pande zote mbili, kwa ustadi ambao sijauona tena. Aliimba wakati wote, vibaya.

Kapinga alirudi amekonda, akakuta maji yanatiririka. Nilitegemea pongezi. Alikunywa kidogo kwenye kiganja, akatugeukia. "Sasa tunahofia wapi?"

Ngwele akamjibu palepale: mchwa.

Na kweli mchwa walikuja. Mianzi tuliibadilisha kipande kwa kipande, mpaka chuma kilipopatikana. Familia nyingine zilirudi mabondeni hata hivyo, kwa sababu zao, na sikuwalaumu. Halima alibaki. Bi Somoe pia.

Baadaye niliongoza miradi yangu mwenyewe. Nilikaa na vijana wenye mawazo mapya, mengine mazuri, mengine ya hatari. Leo najiuliza: je, niliwahi kumpa anayenipinga ruhusa ya kunisimamisha, kama Kapinga alivyofanya? Labda mara moja au mbili. Ni vigumu kuliko kuchora ramani yoyote.

Nikifumba macho, ninachokiona ni asubuhi ile maji yalipofika bila mgeni wala ngoma. Bi Somoe alijaza ndoo yake, akaiweka kando. Kisha akavua kandambili, akasogeza mguu chini ya bomba, akauosha taratibu, kisigino, kila kidole. Akabadilisha mguu. Maji yakawa yanakwenda tu mchangani. Wanawake nyuma yake walisubiri kwenye foleni.

Katibu kata alifungua mdomo kusema maji yasipotezwe.

Ngwele akamshika mkono. "Mwache," alisema.

Tukamwacha.