Motakaa Inayovuta Kushoto

Jumanne, baada ya alasiri. Mvua imekatika, lakini mawingu bado yameikalia milima ya Uluguru na sioni hata kilele kimoja. Sina raha.

Leo asubuhi motakaa ya Bwana imeingia mtaroni kwenye njia ya Kihonda. Bwana ni Mdachi mwenye machimbo ya ulanga, madini yanayong'aa kama kioo, huko mlimani, nami ni fundi wake. Bwana amepasuka mdomo. Dereva wake, Salehe, hana hata mkwaruzo, na hilo tu lilitosha kumtia hatiani. Bwana amesema Salehe alikuwa amelewa, akampeleka boma la serikali. Kesho asubuhi atalazwa chini apigwe hamsa ishirini, viboko ishirini na tano mbele ya watu.

Salehe ni kaka wa mke wangu, Zena. Pombe hajui hata ladha yake.

Kwa siku nne amekuwa akiniambia kwamba motakaa inavuta kushoto. Nilijaza upepo, nikabadilisha magurudumu, la kulia likaenda kushoto, bado akalalamika. Nikachoka naye. Juzi nikamjibu, tena huku nacheka: "Shemeji, motakaa ni nzima. Mikono yako ndiyo inayovuta." Bwana alikuwa amesimama mlangoni, akasikia. Leo ndiyo maneno aliyokwenda nayo boma.

Wallahi, ningeweza kuyarudisha kinywani ningeyarudisha.

Adhuhuri, ng'ombe walipokwisha kuikokota motakaa mpaka bandani, nilifanya lile nililopaswa kulifanya siku ya kwanza. Niliyanyoosha magurudumu ya mbele, nikachukua kamba, nikapima upande wa kulia kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma. Nikafunga fundo. Nikahamia kushoto. Fundo lilipita kwa vidole vitatu. Maana yake ekseli ya mbele imerudi nyuma upande wa kushoto, na gari la namna hiyo haliwezi kwenda sawa hata likiendeshwa na malaika.

Nikaingia chini. Bolti inayoshikilia ekseli kwenye springi imekatika, na pale ilipokatika pana kutu. Haikukatika leo.

Bolti hiyo naijua. Niliitia mimi mwenyewe mwezi uliopita. Ilikuwa ya gari la ng'ombe, chuma laini. Ile ya motakaa ilikuwa haijafika kwa gari moshi kutoka Dar es Salaam, Bwana alikuwa na haraka, nami niliona haya kusema nimeshindwa. Nikasema, "Tayari, Bwana."

Nimempelekea Salehe chakula boma, nikamweleza yote. Alinitazama, kisha akasema polepole:

"Nyamaza, shemeji. Zena yu karibu kujifungua. Mimi sina mke wala mtoto, mgongo wangu utapona."

Afadhali angenitukana.

Nakiri hapa, kwa kuwa daftari hili halina mdomo: nilipotoka pale nilifurahi. Nilitembea mpaka mtoni nikiwa mwepesi, nikijiambia kwamba amekubali mwenyewe, sikumlazimisha. Nilipoinama kunawa uso nikakumbuka nilivyocheka juzi mbele ya Bwana. Nimemwangushia jumba bovu mtu ambaye hakukosa lolote, na sasa namwacha alibebe.

Kamba ipo mfukoni mwangu, pamoja na vipande viwili vya bolti. Kesho nitafika boma kabla ya Bwana. Naogopa. Nimeona watu wakinyanyuliwa pale wasiweze kusimama.

Huko jikoni Zena anachemsha mafuta ya nazi na manjano, ya kumpaka kaka yake mgongoni. Sasa hivi amechungulia mlangoni akaniuliza kama yatatosha. Nimemjibu yatatosha.

Sijamwambia ni ya mgongo wa nani.