Mama Gaudiosa na Madaftari Manne ya Mtaala

Mwaka umetimia, Mama, tangu asubuhi ile ya tarehe 9 Machi 1997 ulipotuacha, na nyumba ya Chanzuru bado haijazoea ukimya.

Ulifundisha uuguzi miaka ishirini na mmoja. Ulikuwa na neno lako moja: mgonjwa aambiwe anachofanyiwa kabla hajaguswa. Ulikataa liwe somo la peke yake. Ukaliingiza kwenye kufunga vidonda, kwenye sindano, kwenye uzazi, hadi kwenye kutandika kitanda, tangu wiki ya kwanza ya mwaka wa kwanza. "Chumvi naitia kwenye mboga yote," ulisema, "siiweki pembeni ya sahani." Nyumbani tulikucheka, maana hata kuku ulimpa taarifa kabla ya kumchinja. Mtaala huo uliuandika kwa mkono, madaftari manne, ukayafungia sandukuni mpaka utakapomaliza.

Kisha vikaja vyuo vya watu binafsi. Donati, uliyemfundisha kushika sindano na aliyekula mezani kwetu kama mtoto wa nyumbani, akawa mkuu wa kimoja huko njia ya Mikumi. Mtaala wako ukatokea chuoni kwake umepigwa chapa, jina lake juu. Hilo ulilimeza. Kilichokuumiza ni kwamba alilichomoa neno lako kila mahali lilipokuwa, akalirundika kwenye mada moja ya mwisho. Ulikwenda kumwuliza.

"Shikamoo, Mama. Wakaguzi wanataka kila kitu kiwe na mada yake."

Hukuitikia shikamoo yake. Ulirudi nyumbani ukalala bila kula.

Ulipolazwa, mwanafunzi wa chuo hicho alikuchoma sindano kimya kimya. Ukamwuliza, "Mwanangu, hii ni ya nini?"

"Mambo ya kuongea na mgonjwa tunasoma mwaka wa tatu, Mama."

Ukageukia ukutani. Siku zako zote zilizobaki ulimwita Donati mwizi.

Mama, Donati hakuiba. Jackline, kitinda mimba wako, alikuwa amekosa nafasi ya chuo. Donati akaahidi kumpokea, na mumeo Beda akafungua sanduku, akampa madaftari yote manne. Sote tulijua. Tulikaa kando ya kitanda chako, tukakushika mkono, tukakuitikia: "Kweli, Mama, ni mwizi."

Unakumbukwa na mumeo Beda, na wanao Bonifas, Salome na Jackline. Hatutakusahau siku zote za maisha yetu, wala hatutasahau tulichokutendea.